Nipisheni Njia

Mwenye nyumba wa Kariakoo hajawahi kuona nafasi akaiacha ilale bure. Fremu iliyojengwa kwa ajili ya duka moja leo ina muuza viatu upande wa kushoto, muuza makava ya simu upande wa kulia, binti wa miamala ya simu mlangoni, na chini ya ngazi yuko kijana wa kufuli ambaye mwili wake wote umo ndani isipokuwa magoti. Wote wanalipa kodi, na wote walilipa kilemba. Mteja akitaka kuingia ageuke ubavu, na aliyemo akitaka kutoka amsubiri anayeingia.

Sasa nenda kapande ndege za siku hizi za kwenda mbali. Mwenye fremu kahamia angani.

Ninazozisema ni hizi Boeing 737 na binamu zao wa Airbus, A320 na A321. Ndani kuna viti vitatu huku, vitatu kule, na katikati njia moja tu ya kupita, kuanzia kwa rubani hadi mkiani. Tulizizoea kwenye safari za kawaida: unapanda Dar, unakunywa juisi, unashuka Nairobi kabla hujamaliza kusoma gazeti la jirani. Hapo sina ugomvi nazo. Ugomvi unaanza pale chombo kilekile kinaponyanyuka na watu waliobanana vilevile, kikaiacha Pemba, kikaiacha Mombasa, kikaiacha Afrika yenyewe, na bado mhudumu anatabasamu.

Watu wa anga huiita safari ndefu ile inayofikia saa sita hivi na kuendelea. Mimi nina kipimo changu. Safari ni ndefu ikiwa umekula, umelala, umeamka, umemwambia jirani habari zote za watoto wako, na ukichungulia dirishani unaiona bahari ileile. Kutoka hapa hadi Dubai au Muscat ni kama kilomita 4,000, saa tano na ushee hewani. Kwa kipimo changu ni ndefu, na asiyekubali aje akae kiti cha katikati.

flydubai walianza kuja Dar, Zanzibar na Kilimanjaro mwaka 2014, na ndege zao ni 737. Oman Air nao kwa miaka wamekuwa wakiwaleta ndugu zetu wa Muscat kuwaona wajomba zao Unguja kwa 737 hizohizo. Nawataja kwa sababu ratiba zao ziko wazi kwa kila mtu na sina neno baya nao. Kampuni iliyonibana mimi siitaji, na mji niliokwenda siutaji vilevile, kwa kuwa bado kuna mzigo wangu mikononi mwao, na mtu mwenye mzigo njiani hana uhuru wa kutoa maoni.

Tuanze na kiti. Kiti cha 737 kina upana wa inchi 17 hivi. Airbus wao hupenda 18, na mwaka 2013 waliipigia kampeni hiyo inchi moja iliyozidi, wakitaka iwe ndicho kipimo cha chini cha dunia nzima kwa safari ndefu. Niliposikia nilicheka, kisha nikaenda kwa fundi wangu wa suruali Mtaa wa Swahili, nikamwomba anipime mabega.

“Tunashona koti, mzee?” akauliza.

“Hapana. Tunapanda ndege.”

Zilitoka inchi 19. Fundi akaandika kwenye daftari, akanitazama, akafuta, akapima tena. Zilibaki 19. Na hayo ni mabega tu, hatujafika kwenye sehemu ambayo kiti hasa kimetengenezewa. Tangu siku hiyo naiheshimu inchi ya Airbus.

Upana wa ndani wa 737, ukuta hadi ukuta, ni mita tatu na nusu. Humo wamepanga watu sita na njia. Ni kazi ya mtu aliyewahi kupangisha Mtaa wa Kongo.

Najua kwa nini wanafanya hivi, na kujua hakunipunguzii maumivu ya magoti. Chukua ndege za shirika letu wenyewe. Dreamliner ya kwanza ya ATCL ilitua Dar Julai 2018, Rais Magufuli akaenda kuipokea mwenyewe, na mtaani kwetu watu walitoka madukani kutazama juu. Ina viti 262 na njia mbili. Kisha Oktoba 2023 ikaja 737 MAX 9: viti 181, njia moja. Kama kwenye mji fulani una abiria 150 wa uhakika kila siku, ndege ya kwanza inaruka na viti zaidi ya mia vikipigwa na kiyoyozi bure, ya pili imejaa kiasi cha kumfanya mhasibu apate usingizi. Nyembamba ni nyepesi, injini zake za sasa hazinywi sana, marubani ni wawili vilevile. Badala ya kuleta dude kubwa mara tatu kwa wiki, kampuni inaleta dogo kila siku.

Na hapo ndipo sisi watu wa Kariakoo tunapokosa la kusema, maana hilo la kila siku ndilo tulilolitaka. Mfanyabiashara haendi nje kutembea. Kila siku anayokosekana dukani kuna winga anayemhamishia mteja wake fremu ya jirani. Anataka aondoke leo usiku, akachague mzigo, akalipe, arudi kesho kutwa. Ukimwambia kuna ndege pana ya njia mbili lakini inaondoka Alhamisi, atakuuliza Alhamisi ya nini. Halafu anataka nauli ya chini kuliko ya jirani yake. Mtu wa namna hiyo anapewa alichokiomba, na alichokiomba kina inchi 17.

Nililieleza hili barazani kwetu Mtaa wa Sikukuu, baada ya Isha, kahawa ikimiminwa. Nilitegemea kuonewa huruma. Mzee mmoja pale, mwenye umri wa kutuita sote wajukuu, aliweka kikombe chini.

“Wewe unalia na 737? Sisi London tulikwenda na VC10. Njia moja, na hapakuwa na aliyelia.”

Nilitaka kubisha lakini mzee alikuwa na haki yake. East African Airways, shirika la nchi zetu tatu, lilianza kuruka na Comet 4 mwaka 1960, na mwaka 1966 likachukua Super VC10, ndege ndefu yenye injini nne zote zimebandikwa mkiani, iliyobuniwa ikifikiriwa viwanja vya joto na vya mwinuko, Nairobi kikiwamo. Ndani ilikuwa viti vitatu huku, vitatu kule, na njia katikati. Ndivyo zilivyokuwa ndege zote kubwa za wakati huo. Njia mbili ziliingia kazini Januari 1970 na ile Boeing 747 yenye kichogo. Kwa hiyo kizazi chote kilichopanda ndege kwenda Ulaya kabla ya hapo kusomea sheria, udaktari na ukunga, kikarudi kutuendeshea nchi, kilikwenda kwa njia moja.

Mzee akaendelea. Alivaa tai. Chakula kililetwa kwenye sahani ya udongo na uma wa chuma. Miguu aliinyoosha mpaka ikamchosha kuinyoosha. Nilitaka kumuuliza wakati ule alikuwa na kilo ngapi, nikakumbuka mwenyewe amenizidi umri, nikamwongezea kahawa.

Shirika lenyewe lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na zile VC10 zikarudishwa Uingereza, ambako baadaye zilifanywa za kubeba mafuta za jeshi la anga, zikawa zinanywesha ndege nyingine hukohuko juu. Sikumwambia mzee habari hiyo. Kuna mambo mtu hafai kuambiwa akiwa na kikombe mkononi.

Lakini baraza halikuishia hapo. Pembeni alikuwapo bwana mmoja wa Mwanza, muuza nyavu, ambaye hutusubiri tuzungumze wote ndipo atoe lake. “Na ile ya kwetu je?”

Ile ya kwao ni hii. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania iliondoka Mwanza kuja Dar es Salaam. Ni safari ambayo ukichelewa kufungua soda unaimalizia uwanjani. Ndani walikuwamo vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu, na vijana hao wakaiteka. Badala ya kuja Dar, ndege ikaenda Nairobi. Kutoka Nairobi ikaenda Jeddah. Kutoka Jeddah ikaenda Athens. Kutoka Athens ikaenda kutua Stansted, Uingereza. Oscar Kambona, waziri wetu wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni London, alikwenda uwanjani kuzungumza nao, na tarehe 28 wakajisalimisha. Mwalimu hakujiuzulu, aling'atuka mwaka 1985 kwa kalenda yake mwenyewe.

Fikiria mtu aliyeagwa Mwanza na shati la mikono mifupi, tiketi yake imeandikwa Dar, anashushwa Essex katikati ya baridi ya Februari. Siku mbili, mabara matatu, njia moja ya katikati, na wenye silaha ndio walioamua nani aipite. Bwana wa nyavu akamaliza kahawa yake. “Hao,” akasema, “wana haki ya kulalamika.”

Sawa. Wao wana haki kubwa, mimi nina haki ndogo, na ndogo yangu nitaitumia.

Safari ya kurudi nilipewa kiti cha katikati. Dirishani alikaa mama mmoja wa mtaani kwetu anayeuza mabaibui. Njiani alikaa kijana wa spea za pikipiki. Uwanjani tulikotoka walitupima mizigo kwa mizani isiyojua utani, na sakafu yote mbele ya kaunta ilikuwa imejaa Waafrika Mashariki waliopiga magoti, masanduku wazi, wakihamisha vitu kutoka begi zito kwenda begi jepesi, kisha kutoka begi jepesi kwenda mwilini. Kijana wa spea alikuwa na koti lenye mifuko minane. Kila mfuko ulikuwa na beringi. Yule mama alikuwa amevaa mabaibui matano, moja juu ya jingine, la juu likiwa na vito.

“Kaka yangu,” aliniambia akijaribu kufunga mkanda, “usinione mnene. Hii ni bidhaa.”

“Naiona, dada yangu. Na inanikalia.”

Tukaruka. Inchi zangu 17 zilipungua zikawa kadiri zile bidhaa zilivyoamua. Kushoto nguo, kulia chuma. Mkono wangu wa kulia ulilala kabla yangu.

Sasa sikiliza jinsi ndege ya njia moja inavyofanya kazi, maana ni jambo ambalo mtu wa njia mbili hawezi kulielewa. Vyoo kwa kawaida huwa kimoja mbele, nyuma ya pazia, kwa ajili ya walionunua viti vya kujilaza, na viwili mkiani kwa ajili ya umma. Kwenye ndege pana ukikuta toroli la chakula limeziba njia hii, unazungukia jikoni, unatokea njia ile, unafika. Kwenye ndege nyembamba hakuna njia ile. Toroli lina upana wa njia, njia ina upana wa toroli, na aliyeko mbele ya toroli ataendelea kuwa mbele ya toroli mpaka kuku waishe.

Mimi nilikuwa mbele ya toroli, na chai ya uwanjani ilikuwa imeanza kudai chake.

Nikamwamsha kijana wa spea, akasimama akilia njuga kwa zile beringi, nikatoka. Mhudumu, binti mpole, akaniambia kwa Kiingereza nirudi kitini. Nikageuka. Kijana alikuwa ameshakaa, amefungua meza, ameshapewa sinia lenye mchuzi, kikombe cha maji na mkate. Kurudi kulimaanisha kumwaga chakula cha mtu. Kwenda mbele kulikuwa pazia. Basi nikafuata toroli kwa nyuma, safu kwa safu, mguu mmoja baada ya mwingine, nikisikia kila abiria wa Mungu akiulizwa kuku au tambi. Na watu wa kwetu hawajibu haraka. Mmoja aliuliza kuku kachinjwa na nani. Mwingine alitaka aione tambi kwanza. Kuku waliisha kabla ya mabawa kuisha, na kwa kuwa nilikuwa na habari hizo mapema kuliko wa nyuma, niliwatangulizia salamu wasijipe matumaini.

Huko mkiani nilikuta foleni. Hii foleni nikiri inanipendeza. Watu wanasimama wameegemea viti vya wenzao waliolala, na maongezi yanaanza. Mmoja anajua bei ya leo ya kusafirisha kwa kilo, mwingine anamjua wakala wa forodha asiye na maneno mengi, mwingine anatoa simu kuonyesha picha za mzigo wake na palepale anapata mteja wa jumla. Mwenye kiti cha mwisho kabisa, ambaye kichwani kwake ndiko biashara yote hii inakofanyikia, alifungua jicho moja akauliza kama hayo madera yapo ya saizi kubwa. Kisha rubani akawasha taa ya mikanda kwa sababu ya mtikisiko, wote tukaamriwa kurudi, na toroli lilikuwa ndiyo kwanza linakuja upande wetu kukusanya masinia.

Nitaruka habari za saa zilizofuata, maana waungwana wanasoma.

Tulipotua, kabla tairi hazijapoa, watu wote walisimama. Sijui kwa nini. Mlango wa kushukia ni mmoja, njia ni moja, na aliyeko safu ya 28 hata akisimama kwa nguvu zake zote atashuka baada ya safu ya 27. Lakini tulisimama, shingo zimepinda chini ya makabati, mabegi kichwani, beringi zikilia, tukabaki hivyo muda wa kutosha kufahamiana upya.

Yote hayo ningeyameza. Mwili wa mtu wa Kariakoo umepitia makubwa: umepanda daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni, umepita Msimbazi siku ya mkesha wa Idi na kontena la viatu limefunguliwa barabarani. Goti ni langu, nikilala nalo usiku linapona. Kinachoniuma si goti. Ni mzigo.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ndege nyembamba inapotudhulumu kimyakimya. Ndege pana tumboni ina nafasi ya makontena: mabegi yanapangwa chini, yanafungiwa, yanasukumwa ndani kwa mashine, na bado panabaki nafasi ya tani za mizigo ya watu wasiosafiri. 737 haina hayo. Mabegi yanaingizwa moja moja kwa mikono ya vijana waliopiga magoti ndani ya tumbo la ndege, wanayapanga hadi yanagusa dari, basi. Tena kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo mafuta yanavyokuwa mengi, na mafuta yana uzito. Ongeza joto la uwanja wa jangwani, ambalo hufanya ndege inyanyuke kwa shida, na upepo ukiwa wa mbele ongeza mafuta zaidi. Mahali fulani kwenye hesabu hiyo karani anagundua uzito umezidi. Kitu lazima kishushwe. Mafuta hayashushwi. Abiria ana mdomo, ana simu ya kurekodi, ana shemeji yake mwandishi wa habari. Begi halina mdomo. Linabaki.

Ndiyo maana Terminal 3 hapa Julius Nyerere, jengo zuri lililofunguliwa mwaka 2019, lenye vigae unavyoweza kujitazama, utakuta usiku wa manane kundi la watu limezunguka mkanda wa mizigo unaozunguka mtupu. Mkanda unazunguka, watu wanautazama. Linapita sanduku moja la waridi ambalo halina mwenyewe. Linapita tena. Yule mama wa mabaibui alikuwa ameshavua mawili kwa sababu ya joto, ameyakunja vizuri kwenye mfuko, na nikaona sasa hekima yake yote. Zile nguo tano zilizonikalia ndizo pekee zilizofika.

Kwenye dirisha la malalamiko kijana alinipa fomu. Andika rangi ya begi. Andika ukubwa. Andika kilichomo. Niliandika vitambaa vya mapazia, akaniuliza kama ni matumizi binafsi. Nikamwambia mwanangu, nina madirisha mawili.

“Usijali, baba. Utakuja na ndege ya kesho.”

Ndege ya kesho! Hapo ndipo nilipotaka kukaa chini nilie. Ndege ya kesho ni nyembamba ileile. Ina abiria wake, nao wamepiga magoti uwanjani kama sisi, nao wana mabegi yao, na karani wa kesho naye ana mizani. Ili begi langu lipande, la mtu mwingine lishuke. Kwa maana hiyo wafanyabiashara wa Kariakoo tumekuwa tukirithishana usumbufu, kila mmoja akisafiri na mzigo wa jana wa mwenzake. Kwa anayeuza mapazia ni hasara ndogo, pazia halina msimu. Lakini mwenye baibui la sikukuu likifika Idi mosi jioni, nani atalivaa? Mteja wake ameshavaa la jirani, ameshapiga picha, ameshaliweka.

Na safari hizi za njia moja zinaelekea kuwa ndefu zaidi. Novemba 2024 Iberia ya Hispania ilikuwa ya kwanza kuanza kuruka na A321XLR, ikavuka nayo Atlantiki kutoka Madrid hadi Boston. Ni njia moja ileile, watu sita kwa safu, isipokuwa sasa imepewa matanki ya kufika kilomita 8,700 kwa hesabu ya kiwandani. Wazungu wameshalizoea, maana Boeing 757 zimewavusha bahari hiyo kwa miongo. Mimi nilichukua hiyo 8,700 nikaipeleka kwenye ramani. Unajua ni umbali gani huo? Ni Dar es Salaam hadi Guangzhou, karibu kabisa.

Nilifunga ramani. Najua karatasi ni karatasi, lazima kuwe na akiba ya mafuta, na sasa hivi ATCL wanakwenda Guangzhou na Dreamliner, njia mbili, tumbo pana, mtu anarudi na mzigo wake. Lakini nimeishi Kariakoo na najua mambo huanza vipi. Mwenye fremu huanza kwa kusema anapima tu. Siku moja mtu atakaa afisini na kalamu, atahesabu viti vilivyobaki wazi kati ya Dar na China, na hapo tutakwenda Guangzhou ubavu.

Wenye mashirika mkisoma hapa, sijawaomba mpanue ndege. Najua haziongezeki upana kwa kuombwa. Ninachoomba kinawezekana kesho asubuhi. Kama mnajua siku fulani uzito hautatosha, uzeni viti vichache siku hiyo, au mwambieni mtu pale kaunta kwamba begi lake linabaki, achague yeye lipi. Mfanyabiashara akiambiwa ukweli atapanga. Akiambiwa “usijali, baba” ataandika makala.

Nawe msomaji unayejiandaa kwenda kufuata mzigo, kabla hujalipa muulize wakala wako ni ndege ya aina gani. Akikujibu kwamba ni ndege nzuri, mpya kabisa, hiyo ni njia moja. Chukua kiti cha pembeni mwa njia, safu za nyuma, usinywe chai uwanjani, na mzigo wa Idi utume kwa meli tangu Rajabu.